Bwana Misitu Aliyejitoza Faini

Mara ya kwanza kumwona alikuwa amekumbatia mti. Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, nikamkuta juu ya njia, mtu mzima, kofia imedondoka chini, mikono yote miwili imeuzunguka mkuyu, shavu limelala kwenye gome. Nikasimama. Nikasema moyoni, huyu baba amefiwa.

"Shikamoo mama," akasema, bila kuuachia mti.

"Marahaba. Pole. Nani amefariki?"

"Hakuna mama. Napima."

Ndipo nikaona utepe, ule wa mafundi cherehani, ncha zake mbili zimekataa kukutana kwa nyuma. Nikamwuliza kama anaushonea mti suruali. Hakucheka. Akaniomba nimshikie ncha moja. Nikatua ndoo, nikashika, na hivyo ndivyo tulivyofahamiana, mimi upande huu wa mti na yeye upande ule, hatuonani, tunaongea.

"Mama, huu mti ukiwa umesimama hivi una faida gani?"

"Kisima kiko chini yake."

"Na ukilala?"

"Ukilala utaniangukia. Si niko hapa?"

Sisi tulimwita Bwana Misitu, maana ndiye afisa wa misitu, na swali hilo alimwuliza kila mtu hapa kwetu Ntobeye. Alimwuliza padre baada ya misa. Alimwuliza mlevi mmoja aliyekuwa amejilaza chini ya mti wenyewe, na yule akamjibu kwamba faida ni kivuli, sasa sogea, unanizibia upepo. Wengine walisema ni la kiofisi, ameagizwa auulize umma. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na mbuzi, maswali ya ofisini siyajui, lakini najua mtu anapouliza kwa sababu ameagizwa na anapouliza kwa sababu hajui. Huyu alikuwa hajui. Basi nikaanza kumfuatilia, maana mimi nina ugonjwa huo, nikiona mtu anatafuta kitu lazima nijue ni nini.

Sauti yake niliishika siku ileile. Ilikuwa inatokea puani, polepole, kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Mtu wa Nemba, kule Biharamulo, na akikasirika zile r zake zote zinageuka l. "Mama, shelia ni shelia!" Nikimwiga hivyo, watu walikuwa wanageuka kuangalia pikipiki yake iko wapi.

Mkutanoni alikuwa mtu mwingine. Anasimama juu ya benchi, ananyoosha kidole mlimani: "Ndugu wananchi! Mkaratusi ni pesa iliyosimama! Panda leo kwa ajili ya kizazi kijacho!" Kila mkutano kizazi kijacho. Siku moja nikanyoosha mkono nikamwuliza wanakuja lini, na wako wangapi, ili nijue niloweke maharage kiasi gani. Watu walicheka mpaka benchi likayumba. Yeye akavua kofia, akaangalia ndani yake. Hiyo ilikuwa tabia yake, swali likimshinda anaangalia ndani ya kofia kama vile jibu alilisahau humo asubuhi.

Basi tukapanda mikaratusi, bonde zima. Na yeye akanunua kipande cha mteremko, pale juu kabisa ya kisima, kwa familia moja iliyohamia Kabanga kufanya biashara ya mpakani. Akapanda yake kwa mikono yake, mistari imenyooka kama watoto wa shule. Hakuna aliyeona ubaya.

Mnaosoma hamkijui kisima chetu, ngoja niwaeleze na mambo yake. Yeye alikiita chanzo cha maji, sisi tunakiita kisima, lakini ni maji yanayotoka yenyewe kwenye jiwe. Tunakunywa hayo, tunapikia hayo, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila maji hayo haina adabu, inakuwa togwa la mgonjwa. Sasa mtu akikiharibu kisima, kwa mfano akilisha ng'ombe pale au akikata miti yake, hapelekwi kokote. Analeta mtungi wa rubisi palepale kisimani. Majirani wanakuja, kila mmoja na mrija wake, wanauzunguka mtungi. Yeye peke yake hana mrija. Anakaa chini kwenye nyasi, si kwenye kigoda, anaangalia wenzake wanavyoinywa pombe yake na wanavyomsema. Halafu anaigwa. Kazi hiyo ni yangu. Mrija wa mkosaji pia naushika mimi, na simpi siku hiyo. Nampa siku kisima kitakapopona.

Mke wa katekista aliwahi kufua nguo juu ya pale tunapochota. Nikakaa kama yeye, mabega yamepanda, macho mbinguni: "Tumsifu Yesu Kristu jamani, sabuni yangu mimi haina uchafu, nainunua kwa sala." Alilia, alicheka, alinitukana kwa Kihangaza maneno ambayo katekista hajawahi kuyasikia. Lakini hakufulia tena pale, na mpaka leo akiona mtoto amekaribia na beseni anamkimbiza yeye kabla yetu.

Halafu ikaja sheria ndogo. Bwana Misitu aliisoma mkutanoni, atakayeharibu chanzo cha maji atalipa faini, atapewa risiti. Tukapiga makofi, hata mimi nilipiga. Niliona ni mtungi ule ule, ila wa serikali.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa fundi tofali. Alikuwa anachimba udongo kwenye ukingo wa kisima kabisa, ule wa mfinyanzi mzuri. Akalipa. Kesho yake nikamkuta analo jembe, anachimba palepale, anapiga mluzi.

"Kijana, si jana umetozwa?"

Akagonga mfuko wa shati. "Nimelipa, bibi. Risiti hii hapa. Nikimaliza huu mkupuo nitalipa mwingine."

"Na mtungi?"

"Mtungi wa nini tena? Mtu analipa mara mbili?"

Nilirudi nyumbani naisema sentensi hiyo kwa sauti yake, kifua mbele, mkono mfukoni, na kila nikiisema naona haina kosa. Kweli, mtu analipa mara mbili? Sasa mbona kisima kinazidi kubomoka? Nikamtafuta Bwana Misitu, nikamkuta anakula nyama choma na mwenzake, kwenye jiko la mkaa, mkaa ule ule anaowakimbiza watu kwa ajili yake. Nikamwambia sitasema kitu kuhusu jiko, nina swali moja tu.

"Yule fundi umemwadhibu au umemuuzia kisima?"

Kofia ikatoka. Akaangalia ndani muda mrefu, nyama inapoa.

"Tukipandisha faini ataacha," akasema.

Wakapandisha. Fundi akapandisha bei ya tofali. Waliojenga mwaka ule ndio waliolipa, na fundi akaendelea na mluzi wake mpaka udongo mzuri ulipokwisha, akahama mwenyewe. Bwana Misitu alikuja kuangalia lile shimo. Alisimama pale kama mtu aliyepika chakula vizuri kabisa na wageni wamekataa kula.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Akiwakuta watoto wetu wanaokota kuni kwenye hifadhi, alikuwa anasimamisha pikipiki na kuanza kuangalia mawingu, anasema mvua itanyesha, mvua itanyesha, mpaka wapite. Kila akipita kisimani lazima anywe, kwa kiganja, hata kama ametoka kunywa soda. Alikuwa anasema maji yetu yana ladha ya jiwe, kwao Nemba maji yana ladha ya bomba.

Na akanipa jibu moja ambalo sijalimaliza kulitafuna hadi leo. Alikuja msichana kutoka mjini na kompyuta ya kufungua kama kitabu, anauliza nyumba kwa nyumba, Bwana Misitu anawatafsiria wazee wasiojua Kiswahili. Kwangu hakuhitaji tafsiri. Msichana ana sauti ya asali: "Bibi, tuseme kwa mfano, kwa mfano tu bibi, ungelipwa kiasi gani ili ukubali chemchemi ikauke?"

"Nataka mume mpya," nikamwambia. "Mwenye meno yote."

Akaandika! Naapa, niliona vidole vinaandika. Alipoondoka nikaanza kumwiga njiani, kwa mfano bibi, kwa mfano tu, na Bwana Misitu akageuka na ile sauti yake ya puani imekuwa kali.

"Usimcheke mama. Unajua asiyeweka bei ofisini wanamwandikiaje? Sifuri."

Akaniambia kwamba kwao Nemba, alipokuwa kijana, kulikuwa na kichaka chenye maji, si cha mtu, cha wote. Ikaja kazi ya barabara. Wakapita wanaandika fidia, nyumba bei yake, migomba bei yake, mpaka banda la kuku. Kichaka hakikuwa na mwenyewe na hakikuwa na bei. Wakaandika sifuri. Tingatinga likapita asubuhi, mchana watu wanateka maji ya dimbwi.

"Hakuna aliyekuwa mwovu," akasema. "Dereva alinisalimia vizuri kabisa. Ilikuwa ni sifuri tu. Ndiyo maana napima miti, mama."

Kumbe ndicho alichokuwa akikitafuta kwa utepe wake pale mkuyuni. Nikamwona kwa jicho jingine tangu siku hiyo. Lakini mimi nami ni mimi. Nikamwuliza: "Yule fundi alikuwa na bei mfukoni. Mbona kisima kimebomoka?" Akawasha pikipiki.

Sasa mikaratusi ikakua, na mikaratusi inakunywa. Kila kiangazi maji yalipungua kidogo, ndoo iliyokuwa inajaa ukiwa unasalimiana na mtu ikawa inajaa ukishamaliza habari zote za kijiji. Ikaja amri, miti ile ikae mbali na maji, iliyo karibu ikatwe. Bwana Misitu mwenyewe akapita nyumba kwa nyumba. Tukakata. Wengine walinung'unika kwamba ni yeye aliyetupandisha benchini na ni yeye anayetuteremsha, lakini tukakata. Bonde likabaki tupu, isipokuwa pale juu, mstari wa watoto wa shule. Yake.

Nikamfuata. "Na ile?"

Akatoa karatasi mfukoni. Mimi herufi sizijui, ila risiti naijua kwa rangi.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu. Nimejitoza faini."

Nilidhani anatania. Hatanii mtu huyu.

"Nani amekukamata?"

"Mimi mwenyewe. Nilikwenda kukagua nikaikuta."

"Ukajitetea?"

"Hapana. Nilikiri kosa."

Jamani. Khanga ilinidondoka kwa kucheka, nikakaa chini. Na yeye amesimama na risiti yake, uso umetulia, mtu ambaye hajadhulumu mtu. Hela aliipeleka ofisini kweli, niliuliza. Mwaka uliofuata akajitoza tena. Kuna watu wangapi mnaowajua wanaojikamata?

Lakini aliniambia sababu, bila kuficha. Amebakiza muda mfupi astaafu. Nyumba yake Nemba imesimama kuta, haina bati. Ile miti ikikomaa inanunuliwa kuwa nguzo za umeme, na nguzo ndiyo bati, ndiyo milango, ndiyo uzee wake. Ikikatwa sasa ni fito na kuni. "Miaka michache tu, mama. Na kila mwaka nalipa." Ilikuwa sauti ya fundi tofali, ila ya puani. Sikumwambia. Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikunywa maji ya kijiji sawasawa na ile miti.

Kiangazi kimoja kisima kikatoa uzi. Uzi kabisa, kama mate ya mtoto aliyelala. Nilikuwa pale nimeegemeza ndoo, yeye akashuka kwenye pikipiki, akachuchumaa kunywa kama kawaida yake, akakinga kiganja. Akangoja. Akabadili mguu. Akangoja. Kiganja hakijai. Akainua macho taratibu mpaka juu, kwenye mstari wake, majani yanang'aa, yamenawiri, yameshiba. Kofia ikatoka. Safari hii hakuangalia ndani, aliishika tu. Akaondoka bila kunywa.

Siku chache baadaye akaja nyumbani kwangu mchana, amefunga dumu la njano nyuma ya pikipiki.

"Shikamoo mama. Ile adhabu ya kwenu bado ipo?"

"Marahaba. Ya nani?"

"Mama, usinitese."

Rubisi aliinunua Kabanga, imechacha, mtungi hana, dumu linanuka petroli kwa mbali. Tuliinywa. Majirani walikuja wote, maana nani ataacha kumwona Bwana Misitu amekaa kwenye nyasi? Alikaa, miguu ameikunja kama mtoto wa komunyo, suruali ya serikali inapata vumbi. Wakamsema. Mmoja akamwambia, mikaratusi yangu niliikata kwa amri yako. Mwingine akamwambia, mke wangu anaamka kabla ya jogoo kwa ajili ya ndoo moja. Halafu wakanigeukia mimi.

Nikasimama. Nikaukumbatia mti wa hewa, nikauliza una faida gani. Nikapanda benchi la hewa: "Ndugu wananchi!" Nikajikamata mkono huu kwa mkono huu. "Wewe! Mti wa nani huu?" "Wangu, afande." "Shelia ni shelia! Unajitetea?" "Hapana afande, nakiri." "Haya lipa." "Nimelipa." "Ahsante, endelea." Na nikarudi kukaa kivulini mwa mikaratusi yangu, nimetulia, naangalia uzi wa maji.

Walicheka, halafu kicheko kikaisha ghafla, maana waliusikia ule uzi.

Bwana Misitu akasema, "Nitakata."

Mke wa katekista ndiye aliyelainika. "Baba, acha ikomae. Umebakiza kidogo, upate bati. Sisi tutavumilia."

"Mama, ukinionea huruma nitakubali," akasema. "Tafadhali usinionee."

Akakata. Yeye na msumeno wa kukodi. Ikauzwa fito na kuni. Nilitazama zinavyopakiwa na nikajaribu kuona bati ndani yake, sikuona. Akastaafu, akaenda kwao, kuta zikabaki kuta, akapata chumba kwa binti yake.

Nilidhani yameisha. Kumbe mkaratusi ukiukata haufi, kisiki kinachipua, na usipovunja machipukizi unapata miti mitatu palipokuwa na mmoja. Kila masika akawa anakuja na basi kutoka Nemba, analala kwa katekista, asubuhi anapanda mteremko anavunja machipukizi kisiki kwa kisiki. Hakuna aliyemwagiza, hana kazi tena, hata faini hawezi kujitoza. Na mrija wake niliuchomeka kwenye paa langu la jikoni, ukawa mweusi kwa moshi. Hakuuliza hata mara moja.

Masika haya yaliyopita nilimpandia kule juu, magoti yangu yakinitukana. Nikamkuta ameinama, mvi tupu, mkono umeshika chipukizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kazi hii ungeiwekea bei gani?"

Kofia ikatoka, akaangalia ndani. Sijui aliona nini. "Nilijaribu kuhesabu kwenye basi," akasema. "Nikafika Ngara mjini sijapata. Lakini mama, wewe hesabu. Wasije wakaandika sifuri."

Tukashuka pamoja, tunashikana. Kisimani kulikuwa na wanawake, ndoo imekingwa kwenye jiwe na inajaa, bado si kama zamani, lakini inajaa mtu akiwa katikati ya habari. Na mtungi ulikuwepo, niliupika mimi kwa maji yale yale. Nikatoa mrija mweusi kwenye khanga, nikaufuta, nikampa.

Aliushika kwa mikono miwili. Akakaa kwenye kigoda, akavuta, kifua kikajaa. Nikajua sasa atalia, nikajiandaa, nimwige akilia.

Akainua kichwa. Akaniangalia. Akaweka mkono kiunoni, shingo akaipinda upande, mdomo akaubinua, na ikatoka sauti ya mwanamke mzee, kali, yenye kicheko chini yake, sauti yangu kabisa, mpaka ule mkwaruzo wa mwisho:

"Nani amefariki? Au unaushonea mti suruali?"

Mke wa katekista alianguka kwenye matope. Walicheka wote, mabinti, vikongwe, mimi nimesimama na mdomo wazi. Miaka yote hiyo nilikuwa nadhani mwizi wa sauti ni mmoja hapa. Nikatafuta sauti ya kumjibu, sikuipata ya mtu yeyote.

"Rudisha mrija," nikamwambia.

Akautia mdomoni, akanigeuzia mgongo, akanywa.